Mzee Hajafa Mtu

Mimi ni mtangazaji maarufu. Nalisema mapema mwenyewe kwa sababu usipolisikia kwangu hutalisikia popote. Hapa Songea ukiuliza Eusebi Hyera ni nani, watu watakuna vichwa. Uliza Mzee Hajafa Mtu, na hata muuza vocha wa stendi atakuonyesha njia ya kuja kwangu Mjimwema. Jina hilo sikupewa na mama yangu. Nimepewa na kazi, na kabla sijaendelea ujue kwamba ndilo lililonizika mwaka huu, siku ya Jumapili, nikiwa mzima wa afya.

Kwa miaka ishirini na miwili nimeendesha kipindi cha Muziki wa Alasiri kwenye redio yetu ya hapa mjini, kila Jumapili saa tisa mpaka saa kumi. Muziki wenyewe ni ule wa Wazungu wa zamani, vinanda vya kanisani na fidla arobaini zinazolia pamoja. Wanaojua huuita muziki wa klasiki. Baba yangu, marehemu mzee Yohanes, aliyekuwa hodari wa kucheza ngoma yetu ya Lizombe kule Maposeni, aliusikiliza mara moja mpaka mwisho, akaniambia, "Mwanangu, hii ni ngoma ya watu wenye miguu inayouma." Hakuusikiliza tena.

Usidhani najua kupiga chochote. Ujanani niliwekwa kwenye bendi ya parokia nipige tarumbeta. Nikapuliza miezi mitatu, ikawa inatoka sauti ya ndama aliyekosa maziwa. Nikahamishiwa kwaya, nikasimama na sauti ya nne. Mwalimu wa kwaya, mtu mpole sana, akaniomba siku za sikukuu niwe nafungua mdomo tu bila kutoa kitu. Noti sisomi, naziona kama siafu waliopanda waya. Basi ikabaki kazi moja tu ya kunifaa, nayo ni kuwaeleza wengine muziki ambao mimi mwenyewe siujui.

Aliyeniambukiza ni Bruda Otto, Mjerumani mzee aliyekuwa fundi mashine wa misheni. Nilifanya kazi karakanani kwake miaka sita. Kila alasiri, tukishanawa grisi, alikuwa anafungua gramafoni yake, anaweka santuri, anainua kidole na kusema, "Kimya, Eusebi." Tunakaa juu ya madebe ya oili, mzee amefumba macho, mimi namwangalia yeye. Siku ya kwanza nilisinzia. Siku ya pili nikasinzia. Siku ya tatu, sijui ilikuwaje, fidla moja ikaachwa peke yake na wenzake, ikalia, nami koo likanibana. Tangu hapo nikawa mgonjwa. Bruda aliporudi kwao na uzee wake aliniachia gramafoni na sanduku lenye santuri sitini na mbili. Ndizo nilizokwenda nazo redioni, na nadhani walinipokea kwa sababu ya sanduku.

Kwenye karatasi za santuri hizo yalikuwapo majina ya watungaji, Bach, Mozart, Haydn. Lakini nyingi ziliandikwa pia Opus, na namba. Nikaona huyu Opus ndiye kiboko yao. Wenzake wana vipande viwili vitatu, yeye amefika namba mia moja na thelathini! Kwa miaka tisa nikamtangaza kwa heshima zote: "Sasa tunarudi kwa Bwana Opasi, mtungaji asiyechoka." Kuna Jumapili nilisimulia hata maisha yake kidogo, kwamba alizaliwa katika familia maskini. Ndipo padri mmoja, mwalimu wa seminari, akaniandikia barua fupi kunijulisha kwamba opus si mtu. Ni neno la Kilatini, maana yake kazi, na namba ni ya kazi hiyo. Barua ile niliisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Jumapili iliyofuata nikawatangazia wasikilizaji kwamba Bwana Opasi amestaafu.

Kitu kimoja tu nilikijua kwa uhakika, nacho ni sheria ya Bruda Otto: kipande hakikatwi. Ukishakiweka, kinakwenda mpaka mwisho. Nikaiandika kwa kalamu nene, nikaibandika kwenye mlango wa studio. Abasi, fundi mitambo wetu, nilimwambia hata akiingia mkuu gani, fidla zimalize kwanza. Siku moja akaja mtu anahema, ng'ombe wake amepotea, anaomba tangazo la haraka. Nikamweka kwenye benchi dakika thelathini na nane mpaka kipande kikaisha. Ng'ombe alikuja kuonekana juma la pili yake, huko mbali Lusewa. Mwenye ng'ombe hajanisalimu mpaka leo, na mimi nilikuwa najisifu kwa hilo. Sikio la kufa halisikii dawa.

Sasa tuje kwenye jina.

Wewe unajua mambo yetu. Akitutoka kiongozi mkubwa, redio zote zinaacha miziki yao na kuweka muziki wa taratibu usio na maneno, na kila mwenye redio anasimamisha kijiko njiani anasubiri aambiwe ni nani. Basi muziki huo wa taratibu usio na maneno ndio wangu. Sikuwa na mwingine. Tangu kipindi kilipoanza, simu za studio zilikuwa za namna moja: "Samahani mtangazaji, nani amekufa?" Nilikuwa najibu kwa uvumilivu kwamba hajafa mtu, huu ni Mozart. "Ooh," wanasema, "poleni sana." Wanakata.

Tulikwenda hivyo mpaka Jumapili moja, miaka minane iliyopita, maiki ilipogoma. Nilikuwa nimeweka fidla za huzuni, nikafungua mdomo kuzieleza, sauti haitoki. Abasi akaingia chini ya meza na bisibisi. Fidla zikalia dakika ishirini na sita bila neno la mtu, nami kwa sheria ya Bruda sikuzikata. Huku nje mji ulishasimama. Harusi moja ya hapa Mjimwema ilikatishwa bibi harusi akiwa ameinua kipande cha keki. Vilabu vya pombe ya ulanzi vilifunga milango, jambo ambalo hata Ijumaa Kuu haijaliweza. Ofisi moja, siitaji, ilishusha bendera nusu mlingoti. Maiki iliporudi, mimi mjinga nikasema kwa furaha, "Naam, hayo ndiyo maajabu ya fidla."

Nusura wanifukuze. Meneja wa wakati huo akanipa sharti moja: kila nikianza kipindi, kabla ya yote, niseme, "Ndugu msikilizaji, tulia. Hajafa mtu." Nilidhalilika. Miaka yote ile ya kumtumikia Bach, halafu niwe naanza kama mtu wa chumba cha maiti! Lakini kazi ni kazi. Nikawa naisema kila Jumapili, haraka haraka, kwa sauti ya mtu anayemeza kwinini, kisha nakohoa na kuingia kwenye mambo ya maana. Haikupita hata miezi miwili mtaa mzima ukawa unaniita hivyo. Wengine walinisalimia, "Mzee, vipi leo?" na kabla sijajibu wanajijibu wenyewe, "Hajafa mtu."

Mwaka huu tukapata meneja mpya wa vipindi, Violet, binti wa rika la mwanangu Jane. Siku ya Jumatano akaniita ofisini. "Shikamoo baba," akasema, akasimama, akanivutia kiti. Nikajua hapa pana jambo. Mtu mwenye cheo akikuamkia hivyo na kiti akakuvutia, jua kiti hicho ni cha kuagia.

"Baba, unadhani wanaokusikiliza ni wangapi?" akauliza.

"Maelfu," nikasema. "Ila watu wa klasiki ni wakimya."

Akageuza kompyuta nione. Alikuwa amekusanya ujumbe wote wa simu uliokuja kwenye kipindi changu kwa miezi mitatu. Ulikuwa ujumbe wa watu wanne tu. Wa kwanza ulisema, "Baba Jane ukirudi pitia mkaa," huo wa mke wangu Lidwina. Wa pili, mtu alikuwa anaulizia mbegu za mahindi, alikosea namba. Wa tatu, "Nani amekufa?" Wa nne haukuwa na jina. Ulisema, "Sema tena, sikusikia."

Nikaurukia huo wa nne. "Unaona? Huyu ni msikilizaji hasa. Siku hiyo nilipiga Haydn. Anaomba kirudiwe na maelezo yake."

"Ni mmoja, baba."

"Nipe mwezi mmoja, nitakuletea mia."

Violet akainamisha kichwa. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililoniuma zaidi, maana ungekuta ni mtu mbaya ningepata wa kumlaumu. Akaniambia kwamba Jumapili ya juma hilohilo saa tisa kinaanza kipindi cha vijana cha Bongo Fleva, mtangazaji ni Victor, na kwamba redio inanishukuru. Nikaomba angalau dakika tano za kuaga. Akasema atauliza. Hakuniletea jibu.

Niliumia, sitaki kukudanganya. Mshahara wa kipindi haukuwa wa kumlizia mtu machozi. Kilichonichoma ni hesabu ile ya ujumbe. Miaka ishirini na miwili nimekaa kwenye chumba kisicho na dirisha, naongea na kipande cha chuma, nikijiambia kwamba upande wa pili kuna watu. Kumbe upande wa pili palikuwa na mke wangu anayetaka mkaa. Nilitamani kujua jambo moja tu kabla sijafa, kama kuna mtu yeyote aliyewahi kunisikiliza. Usiku ule nilimwambia Lidwina, naye akasema, "Mimi si nakusikiliza?" Nikamuuliza Jumapili iliyopita nilipiga nini. Akaenda kuangalia maharage jikoni.

Jumapili ikafika. Sikutaka kuwa karibu na redio yoyote. Baada ya misa Lidwina alibaki kanisani kwa mazoezi ya kwaya, mimi nikazima simu, nikapanda bodaboda mpaka shambani kwetu Maposeni kukusanya mahindi yaliyobaki. Kufika saa tisa nilikuwa nimekaa juu ya gunia, natazama jua, najua kabisa kwamba sasa hivi Victor anapiga kelele kwenye kiti changu. Nikayasemesha mahindi kidogo. Nikayaelezea Haydn. Yalitulia kuliko Lidwina.

Nilirudi kama saa kumi na moja, gunia nyuma ya bodaboda. Tulipokata kona ya kwangu nikaona watu. Wengi. Wanawake wamekaa chini kwenye mikeka, kanga mabegani. Wanaume wamejaa kwenye mabenchi ya jirani na matofali yangu. Moto umeshawashwa, sufuria kubwa ya jumuiya iko juu ya mafiga. Nikajua kuna msiba. Mawazo yangu yote yakaenda kwa mzee wa nyumba ya pili, ambaye amekuwa akiumwa tangu Pasaka, nikafikiri wametumia uwanja wangu kwa sababu wake ni mdogo. Nikamlipa kijana wa bodaboda, nikaegemeza gunia kwenye ua wa nyuma, nikavua kofia, nikavaa sura ya msiba.

Upande ule wa nyuma walikaa watu nisiowajua hata mmoja. Nikapeana nao mikono, pole, pole, nikajibanza kwenye benchi karibu na mtu mmoja mwenye vumbi la mbao kwenye nywele. Aliniambia anaitwa Aidan, fundi seremala. Nikamnong'oneza swali ambalo miaka ishirini na miwili nimeulizwa mimi.

"Samahani, nani amekufa?"

"Yule mtangazaji," Aidan akasema. "Mzee Hajafa Mtu."

Ungetegemea mtu aruke, apige kelele, aseme mimi hapa. Mimi sikuruka. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa nimekaa bega kwa bega na mtu anayenifahamu kutoka redioni, na kiherehere kikanishinda.

"Imekuwaje?" nikauliza.

Akanieleza. Saa tisa alikuwa anapiga randa mlango wa mtu, redio iko dirishani. Muziki ule ukaanza kama kawaida, lakini yale maneno hayakuja. Akaacha randa akasubiri. Dakika zikaenda, ishirini na zaidi, muziki unalia peke yake. "Miaka minane mzee hajawahi kukosa kusema," akasema. "Nikajua leo basi, kafa mtu. Ila ni nani? Ndipo akaja kijana mmoja mbio mbio kwenye maiki, pumzi juu, akasema, 'Poleni sana ndugu wasikilizaji. Mzee wetu Eusebi Hyera hatunaye tena. Tunamshukuru kwa yote aliyotufanyia.' Nikaweka randa chini nikaulizia nyumba."

Niliyoelezwa na Abasi baadaye ni kwamba Victor na mwenzake walikuwa kwenye sherehe ya kipaimara, wakacheleweshwa na chakula. Saa tisa ikagonga, studio tupu. Abasi akafungua faili la saa tisa kwenye kompyuta akakuta kilichomo ni changu tu, na maneno yale mimi sikuwahi kuyarekodi, huwa nayasema mwenyewe. Akacheza hivyohivyo. Victor alipofika, poleni yake ilikuwa kwa sababu ya kuwasubirisha watu. Na aliposema hatunaye tena alimaanisha kwenye kipindi. Lakini nani hapa nchini, baada ya muziki ule, ataambiwa hatunaye tena akafikiri kitu kingine?

"Uliupenda sana muziki wake, eeh?" nikamuuliza Aidan.

"Muziki?" Akafikiri. "Hapana. Ule ulikuwa unanikumbusha jino."

"Sasa umekuja kwa nini?"

"Mtu miaka minane anakuambia kila Jumapili utulie, hajafa mtu. Siku akifa yeye utakaa nyumbani?" Halafu akageuka akanitazama vizuri. Sura yangu haikumwambia kitu, lakini uso wake ulianza kubadilika. "Hebu ongea tena," akasema.

"Niseme nini?"

Aidan akadondoka na benchi.

Sitaelezea vurugu yote iliyofuata. Kuna mzee alipiga ishara ya msalaba mara mbili, na kuna mmoja alikimbia na kiatu kimoja. Wanawake walipofungua njia nikamwona Lidwina anatoka ndani, kanga ameifunga kiunoni, macho yamevimba. Alitoka kwaya akakuta watu wanalia uwanjani kwake. Alijua nimekwenda Maposeni kwa bodaboda, simu yangu haipatikani, akajumlisha mwenyewe. Alisimama mbele yangu akanitazama kuanzia viatuni. Akanichapa kofi la bega. Kisha akanikumbatia mbele za watu, na sisi wa umri wetu hatufanyi mambo hayo.

"Umezima simu, Baba Jane," akasema begani kwangu, taratibu. "Umezima simu."

Nikamwomba radhi. Sikuwa na Haydn wala nani wa kunisaidia hapo. Nililia, naye akalia, na wale waliokuwa wamenyamaza wakaanza upya.

Violet alikuwapo pia, naye aliisikia redioni akiwa nyumbani kama wengine. Amekaa kwenye mkeka na wamama, analia kuliko wote, maana alishaamini kwamba amemuua mzee wa watu kwa kompyuta. Mkononi alishika karatasi, tanzia aliyokuja kuihakiki kwa familia kabla haijasomwa kwenye taarifa ya habari. Nikamwomba niione. Iliandikwa, "mtangazaji mkongwe aliyependwa na wengi."

"Wengi wangapi, mwanangu?" nikauliza.

Alicheka na machozi yake. Akatazama uwanja wote, mikeka, mabenchi, watu waliosimama mpaka barabarani. Karatasi ile sikumrudishia, iko kwenye sanduku la Bruda Otto.

Kichwa kikaanza kuvimba, nakiri. Nilisimama pale nikijiambia, Eusebi, hawa ndio watu wako, kumbe wamo. Ndipo mama mmoja aliyekuwa wa kwanza kufika, tena ndiye aliyewapanga wenzake na kuwasha moto, akaniita kwa mkono bila kuinuka. Sikumjua. Akasema anaitwa Bi Mwanne, anauza vitumbua sokoni, anakaa mtaa wa pili.

"Alhamdulillahi, u mzima," akasema. "Mimi nilikutumia meseji siku zile, hukunijibu."

"Meseji gani, Bi Mwanne?"

"Nilisema, sema tena, sikusikia."

Nikachuchumaa kwenye mkeka mbele yake. Huyu ndiye wa nne, msikilizaji wangu hasa. Nikamweleza kwamba nilitaka kukirudia, nilinyang'anywa nafasi, lakini Haydn ninaye nyumbani, nikitoa gramafoni sasa hivi atamsikia.

"Haideni ndiye nani, jirani?" akauliza.

Kumbe ana mtoto mmoja tu, wa kiume, dereva wa malori ya Kongo. Anakwenda wiki tatu, mwezi, simu haishiki njiani, na kila siku wanasikia lori limeanguka huku, limechomwa kule. Bi Mwanne halali. "Sasa Jumapili," akasema, "huo muziki wako wa msiba ukianza moyo unanienda mbio. Halafu wewe unasema tulia, hajafa mtu. Naitua roho mpaka Jumapili nyingine. Siku ile mafuta yalikuwa yanachemka kwenye kikaango, yakanikatia maneno. Nilikaa wiki nzima vibaya."

Nikamwambia hayo maneno niliwekewa kama adhabu. Nikamwambia hata sijui nani amekufa na nani hajafa, hakuna mtu anayeniletea taarifa.

"Najua," akasema. "Wewe sema tu."

Nikayasema, nimechuchumaa kwenye mkeka wa msiba wangu mwenyewe, polepole, siyo kwa kwinini. Watu wakaitikia kama wako kanisani. Halafu tukala ugali wa msiba, maana ulishapikwa, na Aidan aliongezewa nyama kwa ajili ya mshtuko.

Jumatatu Violet akanipigia. Nimerudishiwa kipindi, nusu saa. Akasema kwa adabu sana kwamba muziki naweza kuupunguza, maneno yale ndiyo yasipungue. Yaani miaka ishirini na miwili ya klasiki, watu wameshika sentensi moja, tena siyo yangu. Nikasema ahsante.

Jumapili iliyofuata nikaingia studio, Abasi akafunga mlango wenye sheria ya Bruda Otto. Saa tisa nikafungua maiki, nikasema, "Ndugu msikilizaji, tulia. Hajafa mtu." Nikaweka kile kipande cha fidla moja iliyoachwa na wenzake, kilekile kilichonibana koo karakanani. Sikuwa nimekipiga miaka mingi, nilikuwa nakiogopa. Kilikuwa kimefika pale pale pa kubana koo simu ya studio ilipoita. Abasi akapokea, akasikiliza, akanipa.

"Baba," ilikuwa sauti ya Bi Mwanne, ndogo sana. "Leo siku ya kumi na mbili mwanangu hajapiga simu. Wajukuu walikuwa wanapiga kelele, sikusikia. Sema tena."

Abasi akanitazama, kisha akautazama mlango. Nimekwambia kuhusu ng'ombe yule. Nikanyoosha mkono mwenyewe, nikaishusha fidla ya Bruda Otto katikati ya kilio chake, mpaka ikanyamaza kabisa. Nikafungua maiki. Nimetangaza mambo mengi maishani ambayo sikuyajua, nimewahi hata kumstaafisha Bwana Opasi, lakini hili lilikuwa la kwanza nililomwomba Mungu liwe kweli.

"Ndugu msikilizaji," nikasema, "tulia. Hajafa mtu."

Nikasubiri mpaka nikasikia ameshusha pumzi kwenye simu, ndipo nikairudisha fidla.